Fundo Nililolisingizia

Lori lilikuwa la mama mmoja wa Kawangware. Mumewe alipofariki alimwachia gari hilo dogo la tani tatu, msumeno wa mashine, kamba tatu nene na kazi ya kukata miti, na watu walidhani angeuza vyote kabla ya matanga kuisha. Hakuuza. Alifunga leso kiunoni, akaanza kwenda mwenyewe kuongea na wenye mashamba. Mimi nilikuwa dereva wake kwa karibu miaka sita, katika ile miaka ya tisini, na kati ya kazi zote nilizowahi kufanya Nairobi, hiyo ndiyo niliyoipenda na ndiyo niliyoiharibu.

Nilikuwa nikiishi Kambi Muru, Kibera. Nilitoka kwetu Machakos nikiwa na leseni ya kuendesha malori na kiburi cha kutosha, kwa sababu nilikuwa nimejifunza ufundi wa magari kwa kuangalia tu, bila kufundishwa na mtu. Mpandaji wetu wa miti alikuwa akiishi Soweto, hapo hapo Kibera, kama dakika kumi kutoka kwangu. Yeye alitoka upande wa ziwa. Alinizidi miaka mitano hivi, lakini nilimwita jaduong', mzee, jinsi watu wa kwao wanavyomwita mtu wa kuheshimiwa. Yeye aliniita omera, yaani ndugu yangu. Kila asubuhi tulitembea pamoja hadi Kawangware, tukipitia Ngong Road na Dagoretti Corner, na tulipofika sitejini, kwenye kituo cha matatu kinachoitwa fifty-six, tulikuwa tumeshamaliza habari zote za majirani, za watoto na za nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa nje ya mji. Tulienda mashambani, upande wa Kikuyu na wakati mwingine Ngong, ambako mkaratusi wa zamani ulikuwa umeinamia nyumba ya mtu, au mikima, ile miti mirefu inayopandwa mipakani, ilikuwa imeyazibia mahindi jua. Wengi wanadhani kukata mti ni kuuangusha. Huyu mpandaji hakuwa mtu wa kuangusha ovyo. Alipotakiwa kupunguza matawi, aliuzunguka mti kwanza, akaugonga kwa mpini wa panga asikie kama umeoza ndani, halafu akaamua tawi lipi litoke na lipi libaki. Alikata mshazari ili maji ya mvua yasitulie kwenye kidonda, na mti wa matunda aliupaka rangi nzito pale alipokata. Wenye mashamba walimwita daktari.

Lakini kilichompa jina hasa ni mafundo yake. Tawi kubwa lililoelekea paa huwezi kulikata likajiangukia. Alipanda na kamba, akaifunga kwenye tawi, upande wa pili tukaufunga nyuma ya lori. Mimi nilivuta lori mbele polepole mpaka kamba ikakaza, nikatulia hapo, naye akaanza kukata. Tawi lilipoanza kulia nilivuta zaidi, likaanguka upande tuliotaka. Maisha yake yalikuwa kwenye vitu viwili: fundo lake na lori langu.

Lori la miti huumia kuliko lori la mchanga. Magogo yanatupwa ndani kwa nguvu, njia za mashambani ni mashimo na mawe, unga wa mbao unaingia kila mahali, na vijiti vinavuta nyaya na mipira ya chini. Kwa hiyo kila Jumamosi hatukwenda kazini. Tuliliegesha kwenye uwanja nyuma ya maduka ya hardware, nikapiga grisi, nikapuliza vumbi kwenye chujio la hewa, nikakaza nati za springi, nikaangalia maji ya betri. Mpandaji alikaa kando akinoa mnyororo wa msumeno, jino moja baada ya jingine, kwa tupa ya duara. Karibu nasi palikuwa na fundi mmoja mzee wa breki, Mkamba mwenzangu, aliyekuwa na gereji ya mabati matatu. Yeye ndiye aliyeniambia siku moja, bila mimi kumuuliza, kwamba mpira wa breki hauoshwi kwa petroli. Ukiuosha kwa petroli unavimba, unalainika, na baada ya siku chache hauzuii kitu. Nilimjibu kwamba najua. Sikuwa najua.

Jumamosi moja niliona gurudumu la nyuma, la kushoto, limelowa kwa ndani. Oili ya breki ilikuwa ikivuja. Nililifungua nikakuta mpira wa silinda umepasuka. Siku hiyo yule fundi mzee alikuwa amefunga, amekwenda Kitui kwenye mazishi. Ningeweza kusubiri Jumatatu. Ningeweza kumwambia mama tupoteze siku moja, na sidhani kama angekataa. Badala yake nilichukua mpira wa zamani niliokuwa nao kwenye mkebe, niliotoa kwenye gari lililokufa, na kwa kuwa ulikuwa mchafu niliuosha. Niliuosha kwa petroli, kwa sababu petroli ndiyo iliyokuwa karibu, na kwa sababu nilijiambia yule mzee anapenda kuongea sana. Ulitoka unang'aa kama mpya. Nikauingiza, nikatoa hewa kwenye breki, nikazunguka na lori uwanjani mara mbili. Likashika vizuri.

Mama alipokuja jioni nikamwambia breki ilikuwa imekufa na nimeitengeneza mwenyewe. Akawageukia wapakiaji wetu wawili, akasema hivi ndivyo anavyotaka watu wake wawe, si kungoja mafundi. Akaniambia, "Wewe si dereva tu, wewe ni fundi." Nilifurahi sana. Nasema hivi kwa sababu sifa ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Kufikia Jumatano pedali ilikuwa imeanza kuwa laini, inashuka chini kabla ya kushika. Kila asubuhi tulipofika nilitangulia kwenye lori nikaongeza oili kutoka chupa ya soda niliyoificha nyuma ya kiti, na nikiwa njiani nilikanyaga mara mbili mbili ili ishike. Nilikuwa na maneno tayari kila siku, na kila siku niliyameza. Niliona aibu kuitwa fundi Jumamosi na kusema Jumatano kwamba nimeharibu.

Siku ya tisa baada ya Jumamosi ile tulikwenda shamba moja la Kikuyu, la mzee mmoja mstaafu. Mkaratusi wake ulikuwa umegawanyika juu kuwa matawi mawili, na moja lilikuwa limelala kabisa kuelekea zizi la ng'ombe. Shamba lilikuwa la mteremko. Lori ilibidi likae upande wa juu wa mteremko, mti ukiwa chini yake, likitazama mlimani, kamba ikitoka nyuma yake. Maana yake, kama breki ingeachia, lori lingerudi nyuma kuelekea mti, na kamba ingelegea.

Hendibreki yetu haikuwahi kuwa na nguvu mlimani. Kawaida tuliweka gogo nyuma ya gurudumu. Siku ile gogo lilikuwa limefunikwa na matawi tuliyopakia asubuhi. Wapakiaji wote wawili walikuwa chini, wanawatoa ng'ombe zizini. Nilijua gogo liko wapi. Nikajiambia mguu wangu utatosha.

Mpandaji alipanda, akafunga kamba, akajifunga mwenyewe kwenye shina kwa mkanda wake, chini kidogo ya pale alipotaka kukata. Alinipungia mkono. Nikavuta mpaka kamba ikakaza, nikakanyaga breki, nikavuta hendibreki. Msumeno ukaanza. Nilikuwa nikimwangalia kwenye kioo. Halafu pedali ikaanza kushuka chini ya mguu wangu, polepole, kama mtu anayekaa kitini. Nilikanyaga tena, ikashuka tena. Nikatafuta gia, na kabla sijaipata lori lilikuwa limerudi nyuma. Hatua mbili, labda tatu. Kwenye kioo niliona kamba imelala kama nguo kwenye waya. Tawi halikuwa tena na wa kulivuta. Lilivunjika likarudi upande wake, likambana mguu kwenye shina, ndipo likaanguka chini.

Hakupiga kelele. Msumeno ulizima, na nilichosikia ni ng'ombe tu.

Mpakiaji mmoja alipanda kwa ngazi akamshusha, mimi na mwenzake tukimpokea chini. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na ulivyokaa sitasahau. Mpakiaji akaniuliza ilikuwaje. Ni swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Nikajibu, "Fundo limeachia." Maneno yalitoka haraka hivyo, na mpandaji alikuwa pale chini, macho wazi, akinisikia. Aliniangalia. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa habari ya msiba na bado hajaiamini.

Ningeweza kuishia hapo na bado ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini wapakiaji walipokuwa wakimbeba kumweka kwenye lori, nilikumbuka kwamba kamba bado imefungwa kwenye tawi. Yeyote angeweza kwenda kuiona. Kuna ncha mbili za kamba: ningeweza kuifungua pale kwenye lori, sekunde chache tu, tukaondoka. Mimi nikashuka mpaka kwenye tawi. Fundo lilikuwa zima. Lilikuwa limekaza mpaka kuzama kwenye gome, na vidole vyangu havikuweza kulifungua. Nilirudi kwenye lori kuchukua bisibisi. Nikalichokonoa nimepiga magoti, jasho linanitoka, mtu aliyevunjika mguu akiningoja. Wapakiaji waliita mara mbili, nikawajibu naokoa kamba. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nazijua kwa uzito wake tu.

Nilimpeleka hospitali nikiwa na breki zile zile, nikikanyaga mara nne nne kila penye mteremko, nikimwomba Mungu barabara iwe wazi. Wapakiaji walidhani nalia kwa ajili ya rafiki yangu.

Kesho yake, kabla ya mtu yeyote kufika, nilimpelekea yule fundi mzee lori. Alikuwa amerudi kutoka Kitui. Alitoa mpira ule, akaubonyeza kati ya vidole viwili, akanusa. Akaniangalia kwa muda, kisha akaweka mpya bila kuniuliza. Nadhani alijua tangu siku hiyo.

Mpandaji alilala hospitali wiki nyingi, mguu umening'inizwa kwa vizito. Nilimtembelea kila Jumapili na maziwa na mkate. Kila Jumapili aliniuliza jambo lile lile: fundo lilifungukaje? Lilianza kuteleza au liliachia mara moja? Mimi ambaye sikuwahi kuona lolote likifunguka nilijibu kwamba liliteleza. Akaomba nimletee kipande cha kamba. Nikamletea. Baada ya hapo nilimkuta akilifunga fundo kwenye chuma cha kitanda, akilivuta kwa nguvu zake zote, akilifungua, akilifunga tena. Wagonjwa wenzake walimcheka kidogo. Siku moja aliniambia anadhani siku ile alizungusha kamba mara moja badala ya mara mbili. Alikuwa ameanza kukumbuka kosa ambalo hakulifanya.

Mama alipata mpandaji mwingine, kijana mwepesi kutoka Kitui. Na kwa kuwa wenye mashamba walikuwa wakiuliza, aliwaambia alichoambiwa: kwamba yule wa kwanza mikono yake ilianza kusahau. Hakusema kwa ubaya. Habari ikafika kwa wakataji wengine wote wanaongoja kazi pale fifty-six.

Miezi saba baadaye alikuja mwenyewe, anachechemea, amevaa shati safi. Alitukuta Jumamosi kwenye uwanja. Alimsalimu mama kwa heshima, akasema anajua kupanda hawezi kwa sasa, lakini anaomba awe anafunga kamba tu, kwa kuwa amefanya mazoezi. Mama alikuwa mtu wa huruma, lakini siku hiyo alikataa. Alimwambia kwamba kamba ndiyo iliyomvunja, na hawezi kuweka kijana wa watu chini ya mafundo yake. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya injini, boneti imefunguliwa. Niliingiza kichwa ndani nikawa nakaza nati ambayo haikuwa imelegea. Nilimsikia akisema asante. Nilisikia hatua zake zikiondoka, mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi, na sikuinua kichwa.

Akaanza kuuza kuni hapo Soweto, mbele ya nyumba yake. Nami nikaanza kumpelekea. Kila tulipobaki na mikima mizuri iliyokauka, nilimwomba mama ruhusa nikamshushia mlangoni. Nilijiambia huko ni kulipa. Siku moja hakuwepo, nikamkuta mkewe. Alinikaribisha uji, akaniambia mumewe hazungumzi sana siku hizi, jioni anakaa na kile kipande cha kamba na mguu wa meza. Halafu akasema, "Shemeji, wengine wote walimwacha. Wewe peke yako hukumwacha. Mungu akubariki."

Niliuacha uji kwenye kikombe. Nilimwambia nitarudi.

Nilirudi kesho yake mchana. Mpandaji alikuwa akipasua kuni amekaa kwenye kigoda, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Nilisimama, sikukubali kukaa. Nilimweleza yote: mpira, petroli, chupa ya soda, gogo lililofunikwa na matawi. Aliweka shoka chini alipoona inakokwenda hadithi.

Akaniuliza, "Lori lilirudi hatua ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Na fundo?"

"Lilikuwa zima. Nililifungua mimi, kwa bisibisi."

Mteja mmoja alikuja akataka kuni, akamhudumia, akamfungia mzigo vizuri, mteja akaondoka. Ndipo akaniangalia.

"Mguu ningekusamehe leo hii," alisema. "Gari ni gari, linaharibika. Lakini mimi nimekaa mwaka mzima nikijua nimekwisha. Nimelala na mke wangu nikijua hivyo. Ulikuwa ukiniona na ile kamba hospitali, omera. Ulikuwa umekaa pale unaniona."

Nilisema nisamehe. Alisema hilo neno nilibebe kwanza. Akaniambia pia kwamba hataki kulijua jambo hili peke yake. Waliosikia kwamba mikono yake imesahau ni watu wengi, basi na wanaopaswa kusikia haya ni wengi vile vile.

Jumamosi hiyo tulitembea wote wawili hadi Kawangware, njia ile ile ya zamani, bila kuzungumza, mimi nikipunguza mwendo kwa sababu ya mguu wake. Pale uwanjani walikuwepo mama, wapakiaji, yule kijana mpandaji, na wakataji wengine waliokuwa wakinoa panga. Nilisema mbele yao wote. Sikusema vizuri. Nilianza katikati, nikarudi nyuma, mpakiaji mmoja akanisaidia kwa kuuliza maswali. Nilipofika kwenye bisibisi yule mpakiaji alisema kwa sauti ndogo, "Na tulikuwa tunakuita." Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyoosha mkono, nikampa ufunguo wa lori. Hakunitukana. Alisema tu kwamba mumewe hangeweza kukaa gari moja na mtu kama mimi, na yeye pia hawezi. Akamgeukia mpandaji, akamwomba radhi kwa lugha ya heshima kabisa, na kumwuliza kama bado anataka kazi ya kamba.

Aliikubali. Mwaka uliofuata alijaribu kupanda, akafika nusu ya mti, akashuka, mguu haukutaka. Lakini wakataji wote wa pale walianza kumwita awafungie kamba, na vijana kadhaa walijifunza kwake. Ufundi wake uliomrudia ulikuwa nusu. Nusu nyingine niliichukua mimi, na hakuna mahali pa kuirudisha.

Mimi nilikaa bila kazi kwa muda. Hakuna mwenye gari pale fifty-six aliyetaka kunipa ufunguo. Aliyenichukua ni yule fundi mzee wa breki. Aliniambia atanifundisha tangu mwanzo kama mtu asiyejua kitu, na nikubali kuitwa hivyo. Nikakubali. Nilianza kwa kuosha vyuma na kufagia.

Sikuwahi tena kutembea asubuhi na jirani yangu wa Soweto. Tulikutana njiani tukasalimiana, akaniuliza habari ya watoto, nikamjibu, akaendelea. Neno omera hakulitumia tena. Mkewe aliacha kuniita shemeji.

Baada ya miaka kama miwili lile lori likaletwa gereji kwetu litengenezwe breki za nyuma. Dereva mpya ndiye aliyekuwa akiliendesha, na mpandaji alikuwa amekaa kando yake. Fundi mzee akaniambia nifanye mimi. Nilifungua magurudumu, nikaweka mipira mipya kutoka kwenye pakiti, nikaipaka oili ya breki kama nilivyofundishwa, nikatoa hewa, nikafunga. Muda wote huo mpandaji alisimama juu yangu ameegemea fimbo. Nilipomaliza nilimwambia breki ziko tayari.

Alimwambia dereva apande akanyage pedali na aishikilie. Kisha akaweka fimbo chini, akajishusha taratibu kwa ule mguu usiokunjika vizuri, akalala chali kwenye vumbi, akajisukuma chini ya lori. Niliona viatu vyake tu vimetokeza. Alikaa huko muda mrefu, akipapasa kila gurudumu kwa kidole kuona kama kuna unyevu, akimwambia dereva aachie, akanyage, aachie tena. Mzee alitaka kusema kitu, nikamwashiria asiseme. Nilisimama pale na spana mkononi nikingoja amalize.